Mzazi Asiitwe Shuleni kwa Michango Tu

Mzazi wa Tanzania akiletewa barua ya shule huwaza mawili: ni mchango, au mtoto kaharibu. Hata ajenda za mkutano wa wazazi anazijua kwa moyo: kufungua kikao, mapato na matumizi, madawati, uji, mengineyo. Swali la kama watoto wa darasa la tatu wanajua kusoma hutupwa kwenye mengineyo, jua likiwa utosini, kina mama wakiwahi jikoni na kina baba wameshaaga.

Wazazi wasibebeshwe lawama peke yao. Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na baadaye ikakaza marufuku ya michango ya lazima, wengi walielewa kwamba shule imeshapata mwenyewe. Nao baadhi ya walimu wakuu wakaogopa hata kulitamka neno mchango kikaoni.

Lakini mchango si njia pekee ya mzazi kushirikiana na shule. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliainisha aina 6 za ushirikiano kati ya shule na wazazi: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi na kushirikiana na jamii. Sisi tumeng'ang'ania kujitolea, tena kwa maana ya kutoa fedha. Mimi naipa uzito zaidi ile ya kujifunza nyumbani, kwa kuwa haina gharama. Mama asiyejua kusoma anaweza kumpa mtoto pakiti ya mbegu amsomee maelezo yake, au amtake asimulie hadithi waliyosoma leo darasani, halafu amuulize: kwa nini yule alifanya vile? Wazazi wengi hawalifanyi hilo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Mwalimu wa darasa awaite wazazi wa darasa lake tu, amsimamishe mtoto aliye tayari asome aya moja, kisha awaonyeshe wazazi namna ya kuuliza. Nusu saa inatosha.

Lakini mzazi anayehisi kuibiwa hasikilizi hata somo zuri, kwa hiyo fedha nazo zizungumzwe waziwazi. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazotakiwa kufika shuleni. Nyingine ni za vitabu. Hizo 6,000 ni sawa na shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye wanafunzi 600 inatakiwa kupata 300,000 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati. Kamati ya shule ikibandika hesabu hiyo ubaoni, pamoja na kiasi kilichofika kweli, mzazi ataelewa bila kubembelezwa kwa nini anaombwa debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana. Hesabu ikifungiwa kabatini, hata mchango wa hiari utaonekana wizi.

Na tarehe jamani! Kikao cha msimu wa kupalilia hakijai, halafu mahudhurio hayo hayo yanatumika kuthibitisha kwamba wazazi hawajali. Mwenyekiti wa kitongoji anajua siku ambayo watu hawaendi shamba, aulizwe.

Mwalimu mkuu unayeandaa kikao cha muhula ujao, weka kusoma na kuhesabu kuwa ajenda ya kwanza. Madawati yafuate.