Jihadhari na adapta ndogo ya telefoni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, angalia juu ya meza yako leo magaribi. Pengine utakuta pale telefoni mbili, waya tatu, taa ya kichwani, flashi yenye picha za ndoa, na katikati ya vitu hivyo kipande kidogo chenye mdomo mwembamba upande mmoja na tundu pana upande wa pili. Ndiyo adapta, ambayo wengine wanaiita adaptatere. Inauzwa sokoni kwa makuta kidogo, mtoto anaitia mfukoni, na hakuna mtu anayeiogopa. Lakini umeme unapita ndani yake, na batri ya telefoni yako inaisikiliza kama vile dereva anavyosikiliza ishara za mwenzake anayemwelekeza kurudi nyuma. Ikiwa ishara ni ya uongo, gari linaingia ukutani.

Tuanze na kazi yake. USB ilitolewa mwaka 1996 kwa ajili ya kompyuta. Wakati ule utaratibu ulikuwa mwepesi: kompyuta ndiye mkubwa, anatoa umeme wa volti 5 na anatoa amri, kibodi, kipanya na vitu vingine ni wadogo, wanapokea. Telefoni nayo ilihesabiwa kati ya wadogo. Mwaka 2001 wakaandika sheria nyingine, jina lake OTG, inayoruhusu chombo kidogo kama telefoni kuwa mkubwa kwa muda. Tangu hapo unaweza kuchomeka flashi katika telefoni na kutazama picha bila kompyuta.

Telefoni inajuaje kwamba sasa imekuwa mkubwa? Ni adapta inayoiambia. Katika tundu la zamani la micro-USB kuna pini 5, na adapta ya OTG inaunganisha moja ya pini hizo na waya wa kurudisha umeme. Katika tundu la USB-C, lililotokea mwaka 2014, adapta ina rezistansi ndogo kama punje ya mchanga, ya omu 5,100. Telefoni ikiiona rezistansi hiyo inasema: mbele yangu kuna mdogo, nimpe umeme. Mara inafungua volti 5 kutoka katika batri yake mwenyewe.

Kwa hiyo fahamu kwamba chombo chochote unachochomeka kwa adapta hiyo kinakula batri ya telefoni. Kibodi na kipanya vinakula kidogo sana. Flashi inakula zaidi kidogo. Disiki kubwa, ile yenye sahani inayozunguka ndani, inataka umeme mwingi, na mara nyingi telefoni inashindwa: disiki inalia tik-tik kisha inanyamaza. Usiigonge, haijafa, inakosa nguvu tu, nayo inahitaji kigawanyo chenye umeme wake kutoka ukutani. Tena kuna telefoni ambazo OTG yake imefungwa mpaka uifungue mwenyewe katika menyu, na baada ya dakika kumi bila kazi inajifunga tena. Watu wengi wametupa adapta nzima juu ya jambo hilo.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Kuna adapta ya namna ya pili, ambayo haichomeki flashi, bali inakuwezesha kuchaji telefoni mpya kwa waya wa zamani: upande mmoja tundu la micro-USB, upande wa pili mdomo wa USB-C. Hiyo nayo ina rezistansi yake, lakini lazima iwe ya omu 56,000. Maana yake ni hii: umeme huu unatoka katika chaja ya zamani, usivute kwa nguvu. Fundi asiyejali, au mwenye kiwanda anayetaka faida ya haraka, anaweza kuweka rezistansi ya omu 10,000 mahali pake. Hapo maana inabadilika: chaja hii ina nguvu ya ampea 3, vuta upendavyo. Telefoni inaamini, inavuta, na chaja dhaifu iliyotengenezwa kwa ampea 1 inabebeshwa mzigo usio wake. Chaja nzuri itajizima. Chaja mbaya itapata moto, na ile iko ukutani kwenye volti 220, mara nyingi karibu na pazia.

Mambo haya yalichunguzwa. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kununua waya za USB-C zilizouzwa kwa bei rahisi na kuzipima moja moja kwa makuta yake mwenyewe, kisha akawatangazia watu zipi ni mbaya. Mwezi wa pili wa mwaka 2016 akachomeka waya mmoja ambao ndani yake njia ya umeme na njia ya kurudisha zilikuwa zimebadilishana. Kompyuta yake iliharibika palepale, pamoja na vyombo vyake vya kupimia. Kwa macho, waya ule haukuwa na tofauti na mwingine. Kama mhandisi mwenye vipimo alipatwa hivyo, sisi tunaonunua njiani tukirudi kazini tutatambuaje?

Hatuwezi kutambua yote, lakini dalili zipo. Adapta nzuri inaingia kwa kukaza na inatulia. Ikicheza cheza, iache. Baada ya kuchomeka, ngoja dakika kumi, kisha iguse. Uvuguvugu si kitu. Ikiwa kidole hakivumilii, chomoa chaja kutoka ukutani kwanza, halafu adapta. Harufu ya plastiki, rangi ya kahawia penye mdomo, au telefoni inayosema inachaji, haichaji, inachaji: hizo zote ni dalili za mgusano mbovu. Wewe fundi umeme huhitaji kuelezwa, kwani umeona mara ngapi skrubu iliyolegea katika sanduku la umeme ikigeuka nyeusi! Hapa ni vilevile, kwa kipimo kidogo. Mdomo wa USB wa kwanza kwenye kompyuta ulipitisha nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2 na nusu. USB-C inapitisha ampea 3 kwa volti hizo hizo, wati 15, na kwa chaja za nguvu inapanda juu zaidi. Umeme umeongezeka mara sita, nafasi ya kuupitisha imekuwa nyembamba zaidi.

Kuna namna ya tatu: tundu la USB-C upande mmoja, na upande wa pili ule mdomo mpana wa zamani. Zimejaa sokoni. Wenye kuandika sheria za USB hawakuiruhusu, kwa sababu ukiiunganisha na waya wa kawaida unapata waya wenye midomo mipana pande zote mbili, na mtu anaweza kuunganisha vyombo viwili vinavyotoa umeme, kila kimoja kikimsukumia mwenzake. Ni kama madereva wawili walioambiwa kila mmoja kwamba njia ni yake. Badala ya adapta hiyo, nunua waya ulio kamili: mdomo mpana huku, USB-C kule.

Neno fupi juu ya adapta za masikioni. Vijana wanatuuliza kwa nini adapta ileile inatoa muziki katika telefoni ya kaka na inanyamaza katika telefoni ya dada. Sababu ni kwamba nyingine zina kichipu ndani kinachogeuza namba kuwa sauti, na nyingine hazina kitu, ni waya mtupu unaotegemea telefoni ifanye kazi hiyo. Telefoni nyingi hazifanyi. Uliza kabla ya kulipa, tena jaribu palepale mbele ya muuzaji.

Tuzungumze sasa juu ya kazini. Shaba iliyo ndani ya waya hizi na kobalti iliyo katika batri nyingi tunazifahamu kuliko mtu mwingine yeyote. Kongo inachimba kobalti kuliko nchi zote za dunia. Lakini mavumbi ya madini si rafiki wa tundu la telefoni. Yanaingia pamoja na jasho, yanakaa kati ya pini zinazotengana kwa chini ya milimita moja, na umeme unapata njia isiyo yake. Pini zinaota kutu ya kijani. Kwa hiyo usichaji telefoni iliyotoka mfukoni mwa nguo za kazi bila kuiangalia. Izime, shika kijiti kikavu cha mti, toa mavumbi polepole. Usitumie sindano wala pini ya nywele. Ikiwa tundu limelowa maji au jasho, liache likauke penye hewa kwa saa kadhaa. Kuizika telefoni katika mchele kunaongeza tu unga ndani ya tundu.

Chini ya ardhi, fuata amri ya mahali pako pa kazi bila kubishana. Penye baruti na detonatere za umeme, telefoni haina nafasi hata kidogo, kwani mawimbi yake ya redio yanaweza kuleta umeme katika waya za detonatere. Wala usichomeke adapta katika tundu la mashini au la gari la kazi ili kuchaji taa yako. Tundu lile halikuwekwa kwa ajili hiyo.

Nyumbani, jambo tunalolisisitiza ni usiku. Umeme unakatika jioni, watu wanaacha telefoni zote zimechomekwa, na unaporudi saa nane za usiku, kila mtu amelala. Adapta juu ya adapta, chini ya mto, juu ya godoro la sponji. Moto haupati mahali pazuri kuliko hapo. Weka telefoni juu ya sahani ya udongo, au sakafuni penye simenti, mbali na chandarua. Umeme ukikatika, chomoa kabla ya kulala. Kesho asubuhi batri itakuwa nusu, lakini watoto watakuwepo wote.

Ikitokea moshi, kata umeme kwanza kwenye fyuzi au disjonktere. Usimwage maji kabla ya hapo. Batri iliyovimba au inayotoa moshi usiichome kisu, usiikanyage. Toa watu nje, fungua madirisha, kwa maana moshi wake ni sumu. Aliyeungua mkono, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kwa muuguzi. Dawa ya meno, mafuta ya mawese na unga wa muhogo visiguse jeraha.

Na wewe mama mwenye mtoto anayetambaa, usiache waya ukining'inia ukutani bila telefoni. Mtoto anaweka kila kitu mdomoni, na mate yanapitisha umeme. Volti 5 hazimuui, lakini zinaweza kumchoma ulimi na midomo, na chaja iliyotengenezwa vibaya inaweza kuleta zile 220 mpaka kwenye ncha. Telefoni ikijaa, mkono wa kwanza uende ukutani.