Sura ya Sita: Uchaguzi wa Terminali katika Taasisi ya Kipato Kidogo

Mkuu wa shule, au mtunza hazina wa taasisi yoyote ambayo fedha zake huingia kwa shida na kutoka kwa wepesi, akitaka kuwapatia watu thelathini kompyuta, aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya kompyuta moja na kuizidisha mara thelathini. Na hapo ndipo hesabu inapopotoka, kwa sababu bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama, ilhali umeme, leseni, virusi, diski zinazokufa na ujira wa fundi anayezunguka meza hadi meza huendelea kudai haki yao kila mwezi, maadamu mitambo hiyo ingali inatumika. Iko njia nyingine, ya zamani na iliyokwisha kujaribiwa, ambayo kwa rai yangu yastahili kusikilizwa kwanza kabla ya ankara yoyote kutiwa saini.

Katika njia hiyo, programu zote, mafaili yote na mipangilio yote hukaa katika kompyuta moja yenye nguvu, nayo ni seva, na mezani pa kila mtumiaji huwekwa terminali, yaani mashine ndogo yenye kioo, kibodi na kipanya, isiyohitaji hata diski yake yenyewe. Mwanafunzi abonyezapo kitufe cha kuwasha, terminali haina inachokijua isipokuwa kuuliza: kadi yake ya mtandao hupaza sauti katika waya ikiomba anwani, seva huipa anwani na kuielekeza mahali pa kuchukua kiini cha Linux, kiini hicho huteremka kwa waya na kuamka ndani ya memori ya terminali, kisha kikafungua taswira ya mfumo mzima iliyohifadhiwa katika seva, ambayo terminali yaweza kuisoma lakini haiwezi kuiandika. Haupiti muda mrefu kabla ya dirisha la kuingilia kutokea. Mtoto akiharibu chochote katika mfumo huo, kuzima na kuwasha kwatosha kuurudisha ulivyokuwa. Na fundi akitaka kuongeza programu, huiongeza mara moja katika seva, na kesho yake asubuhi vioo vyote thelathini vinayo.

Misingi ya kazi hii ni mikongwe kuliko wengi wa wanaoitumia. Mfumo wa X, uliowezesha programu kuendeshwa katika mashine moja na dirisha lake kuonekana katika mashine nyingine, ulizaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Na mwaka 1999 Jim McQuillan, naye Mmarekani, akaanzisha mradi wa LTSP, uliokusanya vipande vilivyotawanyika na kuvifanya kitu kimoja kiwezacho kusimikwa na fundi wa kawaida. Mji wa Largo, jimboni Florida, uliwaweka watumishi wake kwenye terminali za Linux, si kwa majaribio ya chumba kimoja bali kwa kazi za kila siku za ofisi za mji. Wanorwe walianza mwaka 2001 kutengeneza Skolelinux kwa ajili ya shule zao, nao ndio mfumo ambao leo huitwa Debian Edu. Barani mwetu, mfuko wa Shuttleworth ulitia maabara za tuXlab katika shule nyingi za Afrika Kusini, ambamo kompyuta zilizokwisha kutupwa na wenyewe zilifanywa terminali na kukusanywa chini ya seva moja, kwa mikono ya watu waliojitolea.

Programu hizi zote ni huria: leseni zake humpa kila mtu idhini ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi katika terminali kuliko katika kompyuta ya mtu mmoja, kwa kuwa katika Windows Server kila mtumiaji au kila kifaa kiingiacho kwa njia hii hudaiwa leseni yake, juu ya leseni ya seva yenyewe, na taasisi ikiongeza meza huongeza na deni.

Tuitazame hesabu ya umeme. Tuseme kompyuta ya mezani hula wati 100 na terminali ndogo wati 10, vioo tukiviacha kando kwa kuwa ni vile vile. Kompyuta thelathini kwa saa nane ni uniti 24 kwa siku. Terminali thelathini pamoja na seva ya wati 300 hazizidi uniti tano. Penye umeme wa jua tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maabara itakuwapo au haitakuwapo.

Walakini muuzaji akisema kwamba terminali yafaa kwa kila kazi, asisadikiwe. Picha ya video yenye upana wa nukta 1,280 na kimo cha nukta 720 ina nukta 921,600. Kila nukta huelezwa kwa biti 24, na tuseme video yenyewe huonyesha picha 30 kwa sekunde. Zidisha, utapata biti zaidi ya milioni 660 kwa sekunde kwa mwanafunzi mmoja tu, ilhali waya wa kawaida wa seva hubeba milioni 1,000 kwa darasa zima. Picha yaweza kubanwa kabla ya kupelekwa, lakini kubana nako ni kazi, na mzigo wake huiangukia prosesa ile ile ya seva ambayo tayari inawahudumia watu thelathini. Fauka ya hayo, kivinjari cha leo chenye kurasa chache hula gigabaiti nzima ya memori au zaidi. Kwa hiyo seva ya mtindo wa kale, inayobeba kazi yote peke yake, yataka memori ya gigabaiti 64 ili darasa lisigande katikati ya somo.

Ndiyo sababu watengenezaji wa LTSP walifungua mlango wa pili, ambao katika toleo lililoandikwa upya mwaka 2019, kazi iliyoongozwa na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, ndio umekuwa mlango mkuu: terminali huamka kutoka kwa seva kama zamani, na mafaili hubaki katika seva kama zamani, lakini programu huendeshwa na prosesa na memori ya terminali yenyewe. Video hapo haina taabu, na seva ya gigabaiti nane yaweza kulihudumia darasa. Sharti lake ni kwamba kila terminali iwe na nguvu kidogo, na mimi sikubali chini ya gigabaiti nne za memori. Kwa shule ninaupendelea mlango huu bila kusitasita. Ule wa kale nauachia kaunta za maktaba, masjala na ofisi ambazo kazi yake ni barua na majedwali.

Mashine zenyewe si adimu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikaonekana hazifai kwa sababu tu Windows 11 haizikubali. Ofisi zinazoziuza kwa bei ya kutupa zinauza terminali nzuri mno. Nunua za aina moja, zote zikiwa na uwezo wa kuwaka kupitia mtandao, na uthibitishe uwezo huo kwa mashine moja kabla ya kulipia zilizobaki.

Fedha iliyookolewa isirudishwe yote katika hazina. Seva ni shingo ya mwili huu: ikikatika, vioo vyote hufa pamoja, jambo lisilotokea katika chumba cha kompyuta zinazojitegemea. Basi ipewe diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja, ipewe UPS itakayoishikilia yenyewe na swichi ya mtandao umeme ukatikapo, na mafaili ya watumiaji yanakiliwe kila usiku katika diski nyingine inayolala chumba kingine. Swichi iwe ya gigabiti, na terminali zifungwe kwa kebo. Wi-Fi ni rahisi kusimika, lakini sijapata kuiona ikistahimili darasa zima linalowasha kwa mpigo mmoja.

Linalobaki ni mtu, na hapa ndipo taasisi nyingi hukosea, kwa kudhani kwamba kisichodai leseni hakidai fundi. Lugha si kikwazo kikubwa kama ilivyokuwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwapa wasomaji wa Kiswahili Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa lugha yao. Maarifa ya seva, hata hivyo, sharti yanunuliwe kwa muda na mshahara. Wafundishwe wawili, kamwe si mmoja, kwani aliye hodari ndiye wa kwanza kuitwa kwingine; wasimike seva kwa mikono yao, waivunje, waisimike tena mbele ya aliyewafundisha; na kila badiliko liandikwe katika daftari linalokaa kando ya seva, ilhali nywila kuu zifungwe katika bahasha kwenye kabati la mkuu wa taasisi.