Ubanaji wa Kasi ya Prosesa katika Kompyuta za Michezo: Utaratibu wa Kubaini Chanzo Kabla ya Tiba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hali ambapo prosesa ya kompyuta inayotumika kwa michezo ya video hujipunguzia kasi yenyewe, na picha za mchezo zikakwama. Hoja inayojengwa ni kwamba upungufu huo ni kinga, si ugonjwa, na kwamba joto ni chanzo kimoja tu miongoni mwa kadhaa. Kwa hiyo, mchunguzi hana budi kupima joto, kasi na nguvu ya umeme kwa wakati mmoja kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

1.0 Utangulizi

Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde huipa kompyuta takribani milisekunde 16.7 kuandaa kila fremu. Fremu kadhaa zikichelewa mfululizo, mchezaji huona picha ikikwama. Lalamiko la kawaida ni kwamba mchezo huanza vizuri, kisha huzorota baada ya dakika chache. Wengi hukimbilia kununua feni au prosesa mpya, na tatizo hubaki palepale kwa sababu chanzo hakikubainishwa.

Istilahi mbili zahitaji kutofautishwa. Kasi ya msingi ni ile ambayo mtengenezaji huitarajia chini ya mzigo wa kudumu. Kasi ya nyongeza hufikiwa pale tu joto na umeme vinaporuhusu. Prosesa inayoshuka kutoka kasi ya nyongeza bila kufika chini ya kasi ya msingi inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Ubanaji unaostahili kuchunguzwa kama hitilafu ni ule unaoishusha chini ya kasi ya msingi.

2.0 Msingi wa Kifizikia

Nguvu inayotumiwa na saketi za prosesa zikiwa kazini hulingana na zao la kasi ya mapigo na mraba wa volteji. Kwa kuwa kasi kubwa hudai volteji kubwa, ongezeko dogo la kasi hugharimu nguvu nyingi. Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji nayo yaweza kupunguzwa bila joto kuongezeka kwa kila eneo la kipande. Kanuni hiyo ilifikia kikomo katikati ya miaka ya 2000, na tangu hapo joto limekuwa mpaka mkuu wa kasi. Kwa mfano, Intel huitaja prosesa yake ya Core i9-13900K kuwa na nguvu ya msingi ya wati 125 na ya juu kabisa ya wati 253.

Joto la chumba nalo huingia katika hesabu. Chukulia kipooza joto kinachoruhusu ongezeko la nyuzi 0.5 za Selisiasi kwa kila wati. Prosesa ya wati 125 itapanda nyuzi 62.5 juu ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 25 itafikia 87.5; katika chumba cha nyuzi 33, hali isiyo ngeni Dar es Salaam wakati wa kiangazi, itafikia 95.5. Ikiwa kikomo chake ni nyuzi 95, kompyuta ileile na mchezo uleule vitakwenda vyema katika chumba cha kwanza na kubanwa katika cha pili.

3.0 Vyanzo vya Ubanaji

Chanzo cha kwanza ni joto: vumbi, feni iliyochoka, au pesti ya kupitisha joto iliyokauka. Cha pili ni kikomo cha nguvu kilichowekwa na mtengenezaji, hasa katika kompyuta mpakato. Cha tatu ni ishara itokayo nje ya prosesa, kama vile vidhibiti vya volteji vilivyopata joto kupita kiasi au chaja isiyotambuliwa. Cha nne ni programu-msingi yenye kasoro.

Chanzo hiki cha nne hupuuzwa mara nyingi. Mwezi Julai 2018, kompyuta mpya za MacBook Pro zilionekana kushuka chini ya kasi zao za msingi chini ya mzigo mzito, na watu wengi wakalaumu umbo lake jembamba. Tarehe 24 mwezi huohuo, Apple ilitoa sasisho na kueleza kwamba ufunguo wa kidijitali ulikosekana katika programu-msingi inayosimamia joto. Joto lilikuwapo, lakini kasoro iliyorekebishwa ilikuwa ya programu.

4.0 Utaratibu wa Kubaini

Mchunguzi aendeshe mchezo kwa nusu saa huku programu ya vipimo, kama HWiNFO, ikirekodi joto, kasi na wati kila sekunde. Rekodi hiyo isomwe hivi:

(a) Joto likigusa kikomo na kasi ikashuka papo hapo, chanzo ni upoozaji.

(b) Joto likiwa chini ya kikomo, na wati zikaganda kwenye namba moja, chanzo ni kikomo cha nguvu.

(c) Kasi ikiporomoka chini ya gigahezi 1 ilhali joto na wati ni vya chini, ishara inatoka nje. Katika Windows, tukio namba 37 la kumbukumbu za mfumo huthibitisha kwamba programu-msingi ndiyo inayobana kasi.

(d) Kasi isiposhuka ilhali fremu zinapungua, prosesa haibanwi. Mchunguzi apunguze idadi ya pikseli za mchezo. Fremu zikiongezeka, kikwazo ni kadi ya michoro.

Ieleweke kwamba joto pekee halitoshi kuwa ushahidi. Prosesa za AMD za jamii ya Ryzen 7000 zimebuniwa kuweza kufanya kazi kwenye nyuzi 95 bila kuhesabiwa kuwa na hitilafu.

5.0 Mjadala wa Tiba

Tiba ifuate chanzo. Kwa (a), vumbi lisafishwe na pesti ibadilishwe. Volteji pia yaweza kupunguzwa pale mfumo unaporuhusu: kwa kanuni ya mraba, punguzo la asilimia 5 hupunguza nguvu hiyo kwa karibu asilimia 10 bila kugusa kasi, mradi uthabiti wa kompyuta ujaribiwe. Kwa (b), kupandisha kikomo kunafaa pale tu kipooza joto na vidhibiti vya volteji vina uwezo wa ziada. Kwa (c), chaja ijaribiwe na programu-msingi isasishwe. Kuzima ishara ya kinga huirudisha kasi, lakini huviacha vidhibiti vya volteji bila ulinzi. Hasara yake yaweza kuwa ubao mama mzima.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba dalili moja, yaani mchezo kukwama, huweza kuzaliwa na vyanzo vinavyodai tiba tofauti kabisa. Rekodi ya nusu saa haigharimu chochote, ilhali prosesa mpya ikiwekwa chini ya kipooza joto kilekile kilichojaa vumbi itabanwa kama ile ya awali.