Matete, Mafunjo na Hewa ya Ukaa

Msomaji aliyepata kulitazama bwawa la kusafishia majitaka lililooteshwa matete huenda alidhani kuwa mmea ndio unywao uchafu wote. Sivyo hasa. Kazi kubwa hufanywa na bakteria waishio mizizini, ambao mmea huwapelekea oksijeni kupitia shina lake lenye uwazi. Ni sehemu tu ya naitrojeni na fosforasi iingiayo katika mmea wenyewe, nayo hutolewa pale tuyavunapo matete.

Vipimo vilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Je, mimea hii itanufaika? Matete huipokea hewa hiyo kwa njia iitwayo C3, na yakiongezewa huweza kustawi zaidi. Mafunjo hutumia njia ya C4, ambayo huikusanya kwanza ndani ya jani. Nyongeza haiyafai sana.

Tusiharakishe kuyang'oa mafunjo, hata hivyo. Katika kinamasi cha Ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambako majaribio yalianza mwaka 1987, mmea wa C3 wa jamii ya ndago ulistawi kwa hewa ya ziada, lakini kiwango cha naitrojeni mwilini mwake kilishuka. Watafiti walipoongeza naitrojeni udongoni, nyasi za C4 zilitamalaki na manufaa ya hewa ile yakafifia. Nayo majitaka, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa kemia, yamejaa naitrojeni.

Kwa hiyo mvunaji wa matete asipime uzito pekee: tani ileile huenda ikabeba naitrojeni pungufu.