Simu Inapojaa: Kipi Kifutwe na Kipi Kihifadhiwe

Miongoni mwa watumiaji wa simu za kisasa zinazoendeshwa na mfumo wa Android, ni wachache wasiopata kuliona onyo lisemalo kwamba nafasi ya kuhifadhi inakaribia kujaa. Aghalabu onyo hilo huja wakati mbaya. Mwalimu anataka kupiga picha ya orodha ya alama, au mwanafunzi anataka kurekodi simulizi ya bibi yake kwa ajili ya kazi ya fasihi, nayo simu inakataa. Hapo wengi huanza kufuta kwa pupa kila kinachoonekana. Baada ya siku chache mambo mawili hudhihirika: nafasi iliyopatikana ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na kitu fulani chenye thamani hakipo tena.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo hayo hutokea. Msomaji akifahamu jinsi simu inavyohifadhi vitu, ataona kwamba kazi ya kuipunguzia mzigo huanza na swali moja tu, nalo ni hili: kitu hiki kikitoweka, je, kinaweza kupatikana tena, na kwa gharama gani?

GHALA LA ELEKTRONI

Hifadhi ya simu ni kipande kidogo cha silikoni chenye mabilioni ya seli. Kila seli ni transista iliyotengenezewa chumba kidogo cha kufungia elektroni, kilichozungushiwa tabaka lisilopitisha umeme. Volti ya kutosha ikitumika, elektroni hupenya tabaka hilo na kunaswa ndani. Zikiisha kunaswa hubaki humo kwa miaka, hata simu ikizimwa. Kuwapo kwa elektroni hizo, kutokuwapo kwake, au wingi wake ndio maandishi ya simu.

Wazo la transista ya namna hii lilielezwa mwaka 1967 na Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Laboratories nchini Marekani. Mwaka 1984 mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, alitangaza kumbukumbu iliyopewa jina la flashi, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa aina yake iitwayo NAND, ambayo ndiyo msingi wa hifadhi ya simu zetu leo. Jina hilo lilipendekezwa na mfanyakazi mwenzake, ambaye kufutwa kwa seli nyingi kwa mara moja kulimkumbusha mmweko wa taa ya kamera.

Jambo la kuzingatia ni huko kufutwa kwa mara moja. Katika flashi, data huandikwa kwa kurasa, bali hufutwa kwa mabunda yenye kurasa nyingi. Wala ukurasa uliokwisha kuandikwa hauwezi kuandikwa upya kabla bunda lake zima halijafutwa. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mbao kadhaa darasani, ambaye kifutio chake ni kikubwa kiasi kwamba kikipita mara moja hufuta ubao mzima. Akitaka kuondoa mstari mmoja usiohitajika, hana budi kwanza kunakili mistari mingine yote kwenye ubao ulio wazi, ndipo aufute ule wa zamani. Maadamu upo ubao ulio wazi, kazi huenda vizuri. Mbao zote zikikaribia kujaa, kila mstari mpya hudai kunakili na kufuta kwingi.

Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya simu iliyojaa iwe nzito. Aidha, kila bunda huvumilia kufutwa idadi ya mara yenye kikomo, kwa hiyo kunakili kusikokwisha huchakaza chombo. Simu iliyojaa kabisa hushindwa pia kupokea masahihisho ya mfumo, yakiwemo yale yanayoziba mianya ya kiusalama.

NAFASI HUENDA WAPI?

Kipimo cha hifadhi ni baiti, ambayo ni sawa na biti nane. Herufi moja ya maandishi ya Kiswahili huchukua baiti moja. Kwa hiyo ukurasa wenye herufi 2,000 huchukua kilobaiti 2. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa kwa kiwango cha biti 16,000 kwa sekunde huchukua baiti 2,000 kila sekunde, yaani kilobaiti 120 kwa dakika. Sasa tutazame video ya kamera ya simu yenye mistari 1,080. Mara nyingi hurekodiwa kwa takriban biti milioni 17 kwa sekunde. Hesabu yake kwa dakika moja ni hii:

17,000,000 × 60 ÷ 8 = baiti 127,500,000

Hizo ni megabaiti 127.5. Dakika moja ya video, basi, huchukua nafasi ya zaidi ya dakika 1,000 za sauti, au karibu kurasa 64,000 za maandishi. Hapa ndipo tunapoona kosa la mtu anayekaa jioni nzima akifuta ujumbe mfupi mmoja mmoja ili apate nafasi. Angeondoa video moja ya kuchekesha aliyotumiwa na rafiki, angepata nafasi kubwa zaidi kwa nukta moja.

Liko jambo jingine linalowatia wengi shaka. Mtu hununua simu iliyoandikwa gigabaiti 32, lakini baadhi ya programu humwonyesha 29.8. Tofauti hiyo hutokana na njia mbili za kuhesabu. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, hali baadhi ya programu huhesabu kwa kipeo cha 30 cha namba 2, yaani baiti 1,073,741,824. Ukigawanya 32,000,000,000 kwa namba hiyo utapata 29.8. Baada ya hapo mfumo wa Android wenyewe huchukua gigabaiti kadhaa, na sehemu hiyo mtumiaji hawezi kuigusa.

Isitoshe, ifahamike kwamba kuzifunga programu zilizofunguliwa, au kuizima na kuiwasha simu, hakuongezi nafasi ya kutosha kuleta tofauti. Matendo hayo hugusa kumbukumbu ya kazi, ambayo ni chombo kingine kabisa.

MAFUNGU MATATU

Vitu vilivyomo katika simu vyaweza kugawanywa katika mafungu matatu, kwa kufuata lile swali tulilolitaja mwanzoni.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyojirudisha vyenyewe. Hapa huingia akiba ya muda, yaani nakala za picha na kurasa ambazo programu hujiwekea ili isizipakue tena kila inapofunguliwa. Akiba hiyo ikifutwa, hakuna cha mtumiaji kinachopotea. Hata hivyo programu itaijenga tena kwa kupakua upya, na mwenye kununua vifurushi vya intaneti ndiye atakayelipa. Kwa hiyo kufuta akiba ya muda kila siku ni sawa na kumwaga maji ya mtungi ili uyateke tena kisimani.

Fungu la pili ni vitu vinavyoweza kurudishwa kwa gharama ya muda na fedha. Hizi ni programu zisizotumika, filamu na nyimbo zilizopakuliwa, ramani, na vitabu ambavyo bado vinapatikana mtandaoni. Vyaweza kuondolewa bila hofu, ila mwenye simu apime kwanza kama ataweza kuvipata siku atakapovihitaji.

Fungu la tatu ni vitu ambavyo haviko mahali pengine popote ulimwenguni: picha za ukoo, sauti ya mzee aliyekwisha kufariki, daftari la alama, maelezo ya jaribio la maabara. Fungu hili lisiguswe kabla ya kunakiliwa.

Msomaji atambue kwamba katika mipangilio ya kila programu mna vitufe viwili vilivyokaa karibu, ambavyo kazi zake hutofautiana kama mbingu na ardhi. Kimoja hufuta akiba, nacho hugusa fungu la kwanza tu. Kingine hufuta data, au nafasi yote ya hifadhi ya programu hiyo, na kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo siku iliposakinishwa. Iwapo mwanafunzi ameandika muhtasari wa masomo ya mwaka mzima katika programu isiyotunza nakala mtandaoni, kitufe hicho cha pili kitauondoa wote.

KUFUTA NA KUTOWEKA

Tukirudi kwenye swali la nafasi isiyoongezeka, sababu mojawapo ni hii: picha nyingi zinazofutwa haziondoki papo hapo. Huhamishiwa mahali paitwapo Tupio. Katika programu ya Google Photos, picha iliyokwisha kunakiliwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ile isiyonakiliwa hukaa siku 30. Anayehitaji nafasi leo lazima alimwage Tupio lenyewe, baada ya kulikagua.

Tupio likiisha kumwagwa, simu huondoa jina la faili katika daftari lake, kama mkutubi anayechana kadi ya kitabu. Tangu Android 4.3 ya mwaka 2013, mfumo hukiarifu pia kipande cha flashi kuwa kurasa hizo hazihitajiki tena, ili mabunda yake yafutwe. Zaidi ya hayo, simu zilizotolewa na Android 10 au matoleo ya baadaye zinatakiwa kuhifadhi data kwa usimbaji fiche. Kwa sababu hizo, matumaini ya kulirudisha faili lililokwisha kuondolewa ni madogo sana. Asiwepo mtu wa kujifariji kwamba fundi atampatia picha zake.

Mtego wa mwisho ni wa hifadhi ya mtandaoni. Mtu akiona picha zake zimekwisha kunakiliwa katika Google Photos, hudhani sasa anaweza kuzifuta simuni kwa kuzichagua moja moja. Afanyapo hivyo ndani ya programu hiyo, huzifuta pande zote mbili, simuni na mtandaoni. Njia iliyo sahihi ni kutumia sehemu maalumu ya kuongeza nafasi, ambayo huondoa tu nakala za simuni zilizothibitishwa kuwapo mtandaoni. Tena, hifadhi hiyo ya bure ina mpaka wa gigabaiti 15 kwa akaunti, zinazogawanywa baina ya barua pepe, hati na picha.

UTARATIBU WA KAZI

Kutokana na maelezo hayo, hatua za kufuata zaweza kupangwa hivi:

1. Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi, usome ni kundi gani linalochukua nafasi kubwa. Usifute kitu kabla ya kupima.

2. Nakili vitu vya fungu la tatu mahali pengine: kompyuta, flashi ya kuchomeka, kadi ya kumbukumbu, au mtandaoni. Fungua nakala chache uhakikishe kuwa ni nzima. Kumbuka kwamba kadi iliyounganishwa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, kama Android 6.0 ya mwaka 2015 ilivyoanza kuruhusu, haisomeki katika chombo kingine. Hiyo haifai kuwa nakala ya akiba.

3. Anza kuondoa video. Katika WhatsApp, sehemu ya kusimamia hifadhi huorodhesha mafaili yanayozidi megabaiti 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Mengi ya hayo ni ya watu wengine, nawe huyahitaji.

4. Ondoa programu usizozitumia. Usisakinishe programu za kigeni zinazojigamba kusafisha simu. Nyingi huchukua nafasi na kuleta matangazo, hali kazi hiyo mfumo wenyewe waiweza.

5. Futa akiba ya muda ya programu zenye akiba kubwa tu.

6. Kagua Tupio, kisha ulimwage.

7. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha katika programu za ujumbe, ili simu isijae tena baada ya wiki. Ni vyema kuiacha angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikiwa wazi.

ZOEZI LA DARASANI

Walimu wa Fizikia, Hisabati na Kompyuta wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo, wakitumia simu ya mwalimu mmoja. Wanafunzi wasome katika ukurasa wa Hifadhi nafasi iliyobaki. Kisha irekodiwe video ya sekunde 30, na baadaye sauti peke yake kwa sekunde 30. Baada ya kila kipimo wasome ukubwa wa faili na kukokotoa idadi ya biti kwa sekunde. Mwishowe wafute faili la video, wasome tena nafasi iliyobaki, wamwage Tupio, na kusoma mara ya tatu. Tofauti ya masomo hayo itawafundisha mengi kuliko maelezo ya mdomo. Iwapo simu haipatikani, mfano wa mbao na kifutio kikubwa waweza kuchezwa kwa chaki, kila kundi la wanafunzi likipewa mbao tatu na kutakiwa kuandika mistari mipya bila kupoteza ile ya lazima.

Zamani kumbukumbu za familia ziliwekwa katika sanduku chini ya kitanda, na lilipojaa, mama mwenye nyumba alijua ni karatasi gani ya kuwashia moto na ni ipi ya kufungia katika kitambaa. Leo sanduku hilo ni simu. Busara inayodaiwa ni ile ile, ila sasa haina budi kuongozwa na kipimo na maarifa ya jinsi chombo kinavyofanya kazi.