Lubumbashi: Masalio ya vikwembe yabana mashini za washonaji

Katika vyumba vya kushonea mjini Lubumbashi, mkoa wa Haut-Katanga, si ajabu kukuta mifuko ya masalio ya vikwembe imejazwa hadi chini ya mashini. Mama analeta kikwembe cha yadi 6, nguo inashonwa, vipande vinabaki. Fundi anaogopa kuvitupa: kesho mwenyewe anaweza kurudi kudai cha kilemba, au nguo ikipasuka akatafuta cha kiraka.

Woga huo una hatari yake. Umeme ukikatika, pasi ya makaa inatumika karibu na mifuko hiyo, na cheche moja yatosha kuunguza hata nguo za watu zinazongoja kuchukuliwa.

Njia rahisi ni kumrudishia mteja masalio yake siku anapochukua nguo. Wateja wengine husahau kuyauliza na fundi, tuseme ukweli, hawakumbushi.

Yanayoachwa yanaweza kushonwa blanketi la viraka. Blanketi la mtoto la sentimita 100 kwa 120 linataka viraka 120, kila kimoja kikikatwa sentimita 12 kwa 12, maana mshono unakula sentimita 1 kila upande. Vya pamba vifuliwe kwanza, visije vikatoa rangi au kusinyaa baadaye. Vya poliesta viwekwe kando, kwa kuwa huyeyuka chini ya pasi kali. Vidogo kuliko kiganja hujazwa ndani ya mito.