Kijidudu cha Ziwa Ruiru

Wajukuu zangu wa Chikongola, habari za gesi mnazijua. Inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, kisha inaingia bombani na kushika njia ya Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kuuliza sisi tutabaki na nini. Walibishana mengi, lakini hakuna aliyebisha kwamba gesi itaondoka. Bomba linaonekana, na bomba lina mita. Leo nawasimulia mali inayoondoka bila bomba. Inatosha kwenye kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

Iko dawa ya kisukari iitwayo akabosi. Mtu akila ugali wa muhogo, vimeng'enya vya utumbo huuvunja ule wanga ukawa sukari, na sukari hukimbilia damuni. Akabosi huvishika mkono vimeng'enya hivyo, sukari ikaingia taratibu. Wanaoimeza watawaambia pia kwamba tumbo hujaa gesi, na hiyo kweli haina mita.

Anayeitengeneza ni bakteria wa jamii ya Actinoplanes, anayefugwa kwenye matangi na kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Kampuni ilianza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bakteria huyo alipewa alama ya SE 50. Soma alama hiyo mara mia: haikwambii alikotoka. Ametoka Ziwa Ruiru, Kenya. Wakenya wengi walikuja kulisikia jambo hili mwaka 2006, ripoti moja ilipoorodhesha mali za Afrika zilizotumiwa ng'ambo bila ushahidi wa makubaliano ya kugawana faida.

Ulikuwa wizi? Najua mnataka niseme ndiyo. Akabosi iligunduliwa miaka ya 1970, na wakati huo hapakuwa na mkataba wa dunia uliozuia mtu kuokota kijidudu na kwenda nacho. Mkataba wa Bioanuwai ulitiwa saini Rio mwaka 1992, ukaanza kufanya kazi mwishoni mwa 1993. Itifaki ya Nagoya, inayosema wazi kwamba mchukuaji aombe ruhusa na akubaliane na wenyeji juu ya mgawo, ilipitishwa 2010 ikaanza kutumika 2014. Tanzania ilijiunga nayo 2018. Kwa hiyo kisheria kesi ya Ruiru ni ngumu. Kwa haki, mimi naona Kenya inadai.

Sasa tuje kwetu. Mtaalamu akija leo anataka sponji, mnyama wa baharini kule Msimbati. Kwa nini sponji? Kwa sababu ameganda mwambani, hawezi kumkimbia adui, basi hujilinda kwa kemikali. Sponji mmoja wa bahari ya Karibi ndiye aliyewafungulia wanasayansi njia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ya kuipata sitarabini, dawa ya saratani ya damu inayotumika hadi leo.

Huyo mtaalamu hazami tu. Maji yale yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, iliyoanzishwa mwaka 2000. Anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya hifadhi, na sampuli ikitoka nchini iwe na mkataba unaosema itafanyiwa nini na nani atapata nini. Halafu daftari: sponji gani, ametolewa wapi, kina kipi, tarehe ipi, kwa mkono wa nani, na kipande kipi kimebaki nyumbani. Daftari hilo ndilo mita yetu. Likipotea, hasara haimwangukii mvuvi wa Msimbati peke yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 inawataka watumiaji wa sampuli kutunza hati za asili yake kwa miaka 20 baada ya kumaliza kuzitumia. Dawa inaweza kuwa nzuri sana, ikakwama kabatini kwa kukosa karatasi.

Na daftari baya linaua. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja iliwapa wanawake vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina. Mimea miwili yenye majina yanayokaribiana ilichanganywa, ukaingia ule wenye sumu. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Fikirieni mzizi mmoja wa huku kwetu, ambao Mmakonde, Mmwera na Myao kila mmoja anauita kivyake, na mwandishi ameandika jina moja tu bila kuweka hata jani la ushahidi.

Mganga anayeuonyesha mzizi huo naye asisahaulike. Jina lake na maradhi ya wagonjwa wake yakiandikwa, yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Si habari za kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Lakini kuna kinachonikosesha usingizi. Mwaka 2012 wanasayansi walichapisha vinasaba vyote vya SE50/110, mzao wa yule wa Ruiru: herufi zaidi ya milioni 9. Mwenye bando anazipakua bila kuikanyaga Kenya, bila kichupa, bila kibali cha forodha. Nchi zilipokutana Cali, Colombia, mwaka 2024, zilikubaliana kuunda mfuko ambao makampuni yanayonufaika na taarifa za namna hiyo yataingiza asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iwafikie wenyeji asilia na jamii zinazotunza viumbe hao. Mfuko ulizinduliwa Februari 2025. Ila kuchangia ni hiari ya kampuni, isipokuwa nchi yenyewe iamue kulifanya lazima kwa sheria zake.